Sura ya Tano: Mstari Juu ya Kifundo

Ungamo lilikuwa na kurasa mbili, na Koplo alikuwa ameliandika kwa mwandiko wa kupendeza kiasi kwamba kulitilia shaka kulionekana kama utovu wa adabu. Mtuhumiwa: mwanamke wa miaka thelathini na minane, mshona nguo, shangazi na mlezi wa mtoto wa kike wa miaka mitano. Kosa: kumtumbukiza mtoto huyo miguu yote miwili katika beseni la maji ya moto, jana, saa kumi na mbili jioni. Mwishoni mwa ukurasa wa pili, juu ya sahihi iliyotetemeka, yalisimama maneno ambayo Koplo alikuwa ameyapigia mstari kwa rula: "Ni mimi niliyemchoma."

Inspekta aliyasoma akiwa amesimama katika ukumbi wa wodi ya majeraha ya moto, mkoba ukimning'inia begani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye tabia ya kusoma kila karatasi mara mbili: mara ya kwanza kwa yaliyoandikwa, mara ya pili kwa yaliyoachwa.

"Kesi imeiva, afande," Koplo alisema. "Gari la mahakamani linaondoka saa nane mchana. Shangazi anasomewa mashtaka, anakwenda rumande. Afisa wa ustawi wa jamii ameshaandaa fomu. Mtoto akipona anapelekwa makao ya watoto. Imebaki sahihi yako tu."

"Mtoto ana nani mwingine?"

"Hana. Mama alifariki akimzaa. Baba alikwenda mbali kutafuta kazi, hata barua hatumi. Ni huyo huyo shangazi tangu akiwa mchanga."

"Na kesi ina saa ngapi tangu izaliwe?"

Koplo alihesabu kwa vidole. "Kumi na nne."

"Kesi iliyoiva kwa usiku mmoja! Umetumia kuni za aina gani, Koplo?"

Koplo alicheka, kisha akagundua kwamba amecheka peke yake. Inspekta alikwisha kusukuma mlango wa wodi.

Ndani walimkuta muuguzi mkuu, mama mnene wa miaka hamsini na ushei ambaye kila mtu alimwita Sista, wakiwemo madaktari aliowafundisha kushika mkasi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda cha nne, akilowesha bandeji kwa maji vuguvugu ili zibanduke bila kung'oa ngozi. Juu ya kitanda alilala mtoto mdogo, macho mazito kwa dawa ya maumivu.

"Nyumbani wanamwita Chiriku," Sista alisema bila kugeuka. "Kwa sababu ya domo. Ila hapa kwangu hajasema hata neno moja tangu jana. Karibuni, lakini msinishikie kitu. Wewe kijana wa kofia, hasa wewe."

Koplo alificha mikono nyuma.

Bandeji ya mwisho ilibanduka. Miguu miwili midogo ikabaki wazi juu ya kitambaa cheupe, na Koplo akatazama dari. Inspekta aliinama. Kutoka kwenye vidole hadi juu kidogo ya kifundo, ngozi ilikuwa imebadilika. Na pale mabadiliko yalipokoma, yalikoma ghafla, kwa mstari safi uliozunguka mguu kama mdomo wa soksi. Mguu wa pili ulikuwa pacha wa ule wa kwanza.

"Huo ndio mstari uliomfunga shangazi," Sista alisema. "Daktari wa zamu aliuona akaandika: *maji ya moto, mstari wa soksi, kusudi.* Wala hakubuni. Tunafundishwa hivyo. Mtoto aliyemwagikiwa na maji huwa na michirizi na matone yaliyorukia huku na huku. Mtoto aliyeshikiliwa ndani ya maji huwa na mstari kama huu."

"Wewe unaonaje?"

"Mimi nimeamka saa hizi, zamu yangu imeanza saa moja. Ngoja nione."

Aliushika mkono wa mtoto, akakikunjua kiganja chake, akakipima kwa macho dhidi ya mguu. "Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole vyake, ni sehemu moja katika mia ya ngozi yake. Hapa napata viganja vinane. Si pakubwa sana, lakini ni miguu, na miguu hatuiachii mchezo." Akabonyeza kwa ncha ya kidole kilichovaa glavu, akaachia, akahesabu kimoyomoyo. "Ngozi iliyochomwa na maji juu juu ina wekundu na unyevu. Ukiibonyeza inapauka, ukiiachia damu inarudi mbio. Hii inarudi kwa uvivu. Na rangi yake siipendi. Maji ya moto hayaachi rangi ya majivu namna hii. Na malengelenge yako wapi? Machache mno."

"Na utelezi huu?" Inspekta aliuliza, kwani kidole cha Sista kilikuwa kikiteleza kama juu ya sahani isiyosuuzwa.

"Wa usiku waliandika ni sabuni ya kuogea."

"Baada ya kumwosha mara ngapi?"

Sista alikitazama kidole chake. Inspekta alitoa rula mkobani. Aliisimamisha wima mbele ya mguu wa kushoto, kisha nyuma yake. Akahamia wa kulia. Akaandika tarakimu nne kwenye daftari na kulisukuma mbele ya pua ya Koplo.

"Soma."

"Mbele, sentimita saba juu ya kifundo. Nyuma, nne. Mguu wa pili, mbele saba, nyuma nne."

"Sasa niambie, Koplo. Umewahi kuona maji yaliyotulia ndani ya beseni yakapanda mbele ya mguu na kushuka nyuma yake?"

"Labda mtoto aliinama, afande."

"Miguu yote miwili kwa kipimo kimoja? Haya, tusibishane. Sista, mtoto akishikiliwa amesimama ndani ya beseni, nyayo zinakuwa wapi?"

"Zimegandamizwa chini, kwenye beseni lenyewe. Maji hayazifikii vizuri. Mara nyingi unakuta nyayo zina nafuu kuliko sehemu nyingine." Sista aliinua kisigino cha mtoto kwa uangalifu mkubwa, akatazama. Uso wake ukabadilika. "Hizi hazina nafuu. Hizi zimeungua kupita juu."

Inspekta alichuchumaa hadi uso wake ukalingana na wa mtoto.

"Chiriku. Mimi sikudungi sindano, wala sijui kudunga. Nataka kuuliza habari za viatu. Jana ulivaa vipi?"

Mtoto alilamba midomo. Kisha sauti nyembamba, iliyokauka: "Vya mpira. Vyekundu."

"Vizuri?"

"Vilikuwa vinaongea."

Koplo alikohoa. "Mtoto ana homa, afande."

"Vilisema nini?" Inspekta aliendelea, kana kwamba ni jambo la kawaida viatu kuzungumza.

"Chwa, chwa, chwa. Nikitembea. Halafu vikaanza kuwasha."

"Nani alivitia maji?"

Mtoto aliitazama sare ya Koplo, akavuta shuka hadi puani. "Shangazi alinikataza kwenda kule," akasema, na hapo kinywa kikafungwa.

Inspekta alisimama. "Sista, una kitu chochote cha kupimia ukali wa maji? Tindikali au magadi?"

"Maabara wanafungua saa tatu na foleni yao ni ya kesho." Sista aliuma mdomo, kisha akanyanyuka kwa wepesi usiotarajiwa kwa mwili ule. "Vijiti vya mkojo!"

"Vya nini?" Koplo aliuliza.

"Vya kupimia mkojo, mwanangu. Kila wodi ina kopo. Vina viraba, vipande vidogo vya mraba vya rangi, na kimojawapo kinapima hicho hicho anachokitaka mkubwa wako. Njano ya chungwa ni tindikali, buluu ni magadi."

Walipima kwa utaratibu. Kijiti cha kwanza kwenye maji ya bomba: kijani hafifu. Cha pili kwenye jeraha la mzee wa kitanda cha pili, aliyemwagikiwa na birika la chai mbele ya mashahidi sita na aliyetoa ruhusa kwa moyo mkunjufu: kijani hafifu vilevile. Cha tatu Sista alikipitisha kati ya vidole vya mguu wa Chiriku, pale maji ya kuogea yasipofika vizuri, na chini ya ukucha wa gumba.

Kiraba kiligeuka buluu kabla hajakinyanyua.

"Mungu wangu," Sista alisema kwa sauti ya chini. Halafu hakuwa tena na sauti ya chini. "Leteni kiti cha bafuni! Fungueni maji, ya baridi kiasi, yatiririke tu! Hiki si moto. Ni kitu cha jamii ya magadi, kinageuza mafuta ya ngozi kuwa sabuni. Ndio huo utelezi! Na bado kinakula. Usiku kucha tumemfungia adui ndani ya bandeji!"

Wauguzi wawili walikuja mbio. Inspekta alichukua vijiti sita vipya kutoka kwenye kopo, akavitia ndani ya bahasha ya ushahidi pamoja na vile vilivyotumika, akatazama saa ya ukutani. Saa tatu na robo.

"Twende, Koplo. Tuna saa tano kasoro robo za kukuharibia mwandiko."

*

Nyumba ya shangazi ilikuwa na vyumba viwili na ua. Dirishani palikuwa na cherehani, na juu yake sare za shule zilizoshonwa nusu, sindano bado imechomekwa kwenye ukosi. Mtu aliyekuwa akizishona alikuwa ameinuka ghafla.

Jirani, mwanamke aliyewaita polisi, aliwafuata hadi mlangoni bila kualikwa. "Mimi nilisikia ukelele, nikaingia. Nikaona mvuke umejaa bafu zima. Nikasema leo kaua!"

"Mvuke ulitoka wapi, mama?" Inspekta aliuliza.

"Si kwenye maji!"

"Maji ya beseni au ya sufuria?"

Jirani aligeuka kuutazama mlango wa bafu. "Sufuria ilikuwa pembeni. Imefunikwa nusu. Ah. Beseni sikulitazama, mimi nilimtazama mtoto."

"Umefanya vizuri kumtazama mtoto. Asante."

Bafuni Koplo alikuwa wa kwanza kuona, na aliona kwa furaha isiyofichika. Kwenye kona, nyuma ya ndoo, ilisimama chupa ya dawa ya kusafishia choo, nayo ilikuwa imebaki robo.

"Hii hapa, afande! Ameitia ndani ya maji! Hapo ni kusudi juu ya kusudi!"

Inspekta alivaa glavu, akafungua kizibo, akadondosha tone moja juu ya kijiti. Walisubiri. Kiraba kilikolea rangi ya chungwa.

"Hii ni tindikali, Koplo. Tunayemtafuta ni wa ukoo mwingine kabisa. Hawa wawili hata hawasalimiani."

"Kwa hiyo si hii?"

"Kwa hiyo si hii. Andika. Yasiyo yenyewe nayo huandikwa."

Alilikagua beseni, jepesi, la plastiki, safi. Alipima sabuni ya kuogea: kijiti kilikolea kijani kidogo tu, hakikufika buluu. Kisha akatoka uani na kusimama akitazama kizingiti cha mlango wa nyuma. Viatu viwili vidogo vya mpira, vyekundu, vilisimama pale kando kwa kando, vikiwa safi kupita kiasi. Ua mzima ulikuwa tope.

"Koplo, mtoto aliyecheza nje mchana kutwa katika tope hili anarudi na viatu vya namna gani?"

"Vichafu."

"Hivi vimeoshwa. Na si na shangazi. Yeye jioni alikuwa na kazi nyingine."

Aliinua kimoja, akaisimamisha rula. Mdomo wa kiatu ulikuwa umekatwa kwa mshazari, ukipanda mbele na kushuka nyuma, kama viatu vingi vya watoto vinavyokatwa ili visimchubue nyuma ya mguu. Alipima kutoka pale kifundo kinapokaa. Mbele, sentimita saba. Nyuma, nne.

Koplo alisoma tarakimu hizo mwenyewe, kwa sauti, bila kuulizwa, na sauti yake ikafifia kwenye ile ya mwisho.

Kitambaa cha ndani kilikuwa bado kibichi. Inspekta alikibonyeza kwa kijiti, na kiraba kikageuka buluu iliyoiva, buluu ya wino.

"Tumepata chombo," alisema. "Sasa tutafute kisima."

Hawakwenda mbali. Ng'ambo ya ukuta wa ua, ambao ulikuwa na pengo la ukubwa wa mtoto mmoja, nyumba mpya ilikuwa ikipanda. Mafundi watatu walikuwa wakipiga lipu, na mzee mwenye kofia iliyokunjwa kwa karatasi ya mfuko wa sementi alikuwa akiwatukana kwa mapenzi makubwa.

"Wewe, unapaka ukuta au unapaka mkate? Karibuni, wakubwa! Ramani nimekuja nayo, kibali kipo, kila kitu kipo!"

"Hatukuja kwa kibali, Fundi," Inspekta alisema. Alionyesha vidole vyake, vilivyojaa tope la pengo la ukutani. "Nisaidie maji ninawe."

"Nawa pale, mama." Fundi alielekeza kwa mwiko pipa kubwa kando ya ukuta. "Safi kama kioo, hayo."

Yalikuwa safi kweli. Inspekta aliona sehemu ya chini ya pipa, ambako ute wa kijivu ulikuwa umetua kwa utulivu wote.

"Unayapataje masafi hivi, na bomba la mtaa huu linatoka mara mbili kwa wiki?"

Fundi alifurahi kuulizwa. "Huo ndio ujuzi! Hapa tunaoshea mwiko, koleo, karai, kila kitu. Jioni yanakuwa uji. Sisi hatumwagi. Tunayaacha yalale. Asubuhi sementi yote imetua chini, juu maji meupe, tunaanza upya. Pipa moja linatupeleka wiki tatu."

"Na mikono mnanawa humo humo?"

"Humo humo."

"Na viatu?"

"Viatu pia. Hata jana mchana yule mtoto wa fundi cherehani alipenya hapo, akatumbukia kwenye tope hadi nikamwonea huruma. Nikamvua viatu, nikavisuuza ndani na nje, nikamvisha. Maana angerudi vile, shangazi yake angemfokea."

"Ulivikausha?"

"Kukausha? Viatu vya mpira?" Fundi alicheka. Kicheko kikakosa mwenzake, kikafa. "Kwani kuna nini?"

Inspekta alichovya kijiti ndani ya maji yaliyo safi kama kioo, akakiinua juani ili wote wakione.

"Nionyeshe mikono yako, Fundi."

Aliinyosha. Ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi, na kucha zake zilikuwa zimeliwa hadi nusu.

"Haiwashi?"

"Zamani iliwasha. Ah, mimi na sementi tumeshazoeana, mama. Miaka thelathini sasa."

"Yeye ana miaka mitano."

Mwiko ulianguka. Fundi alikaa juu ya rundo la matofali, akaivua ile kofia ya karatasi. Alipopata kuelezwa yote, alinyosha tena mikono ile ile, safari hii imeunganishwa kwenye vifundo vya mikono, tayari kufungwa.

"Irudishe," Inspekta alisema. "Ulimfanyia mtoto wema kwa maji usiyoyajua. Hilo halina pingu. Lakini leo pipa hili linafunikwa, linaandikwa hatari, na vijana wako wanaletewa maji ya kunawa. Na sasa hivi utamwambia Koplo yote, kuanzia tope hadi kisigino. Koplo, andika kila neno. Hata yale utakayoona hayana maana."

Koplo aliandika. Mwandiko wake, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, haukuwa mzuri. Alikuwa na haraka.

*

Saa saba na dakika arobaini dereva wa gari la mahakamani alipiga honi ya kwanza. Katika chumba cha mahojiano, shangazi alikaa na mikono mapajani, miguu peku, kwani viatu vya mahabusu hubaki kaunta. Macho yake yalikuwa makavu.

"Nimeshasema yote," shangazi alisema mara Inspekta alipoketi. "Nipelekeni. Msinisumbue."

"Dada, kazi yangu ya kila siku ni kuwatoa watu maneno wasiyotaka kuyasema. Leo nimekuja kukurudishia uliyoyasema."

"Siyataki. Ni mimi niliyemchoma."

"Tutaona. Maji uliyapima?"

"Kwa kiwiko. Kila siku napima."

"Yalikuwaje?"

"Vuguvugu. Lakini nilikosea, si umemwona miguu?"

"Swali langu halijafika huko. Alipopiga ukelele, ulifanyaje?"

"Nikamnyakua. Nikatia mikono yote, nikamtoa."

"Mikono ilizama hadi wapi?"

Shangazi aliweka kidole chini kidogo ya kiwiko.

"Ilete kwenye mwanga."

Aliileta. Inspekta aliigeuza polepole chini ya taa, ndani na nje. Hapakuwa na wekundu, hapakuwa na lengelenge, isipokuwa vitobo vidogo vya sindano kwenye ncha za vidole, alama za kazi.

"Maji yale yale, wakati ule ule," Inspekta alisema.

"Ngozi ya mtu mzima ni nene, afande," Koplo alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo. "Na hakukawia humo."

"Umesema sawa. Hilo ni swali halali, na mwendesha mashtaka angeliuliza. Basi tulijibu. Dada, kwa nini ulimwogesha mapema jana? Ulikuwa na sare hujamaliza."

"Kwa sababu miguu ilikuwa inamwasha. Tangu saa kumi alikuwa akijikuna, analialia. Nikamwambia subiri, subiri nimalize ukosi. Nikadhani ni tope. Nikasema nikimkosha kwa maji ya moto kidogo itatulia." Akanyanyua uso kumtazama Koplo. "Nilikwambia jana, baba. Nilikwambia."

Koplo alivua kofia. "Aliniambia, afande. Sikuliandika. Niliona halina maana."

"Limeandikwa sasa. Maumivu yalianza saa kumi. Maji yalikuja saa kumi na mbili." Inspekta alifungua bahasha na kuvipanga vijiti juu ya meza, kimoja baada ya kingine. "Hiki ni maji ya bomba. Hiki ni mguu wa mtoto. Hiki ni kiatu chake, kwa ndani. Na hiki ni pipa la mafundi nyuma ya ukuta wako, mahali viatu hivyo viliposuuzwa mchana. Maji ya sementi, dada. Hayana mvuke wala harufu, na hayaumi mapema. Yanakula kimya kimya saa nzima, saa ya pili, saa ya tatu. Ulipomtia kwenye beseni, ngozi ilikuwa imekwisha kuungua. Hata ungemwosha kwa maji ya mtungi angepiga ukelele ule ule."

Shangazi alivitazama vile vijiti vitatu vya buluu. Honi ya pili ililia nje. Alinyosha kidole, akakigusa kimoja, akakirudisha mahali pake kwa usahihi wa mtu anayepanga vifungo.

"Tangu jana," alisema taratibu, "kila nikifumba macho namwona anavyonipiga mateke. Nikajua ananikimbia mimi."

"Alikuwa amekushika wapi?"

"Shingoni." Alijigusa shingo. "Alinishika shingoni. Hakutaka kuniachia."

"Basi jibu unalo."

Hapo ndipo macho makavu yalipolowa. Inspekta hakusubiri yakauke. Alilichukua lile ungamo la kurasa mbili, akaandika kwa mshazari juu yake, kwa herufi kubwa zisizo na urembo wowote: *Hakuna kosa lililotendeka. Maelezo kamili yameambatanishwa.* Akaweka sahihi, akamgeuzia Koplo kalamu. Koplo aliweka yake. Kisha akatoka barazani na kupaza sauti ambayo hata mahabusu wa nyuma waliisikia: "Dereva, nenda! Huyu haendi! Na ile fomu ya ustawi wa jamii mwambie mwenyewe aichane!"

Aliporudi, kiti cha shangazi kilikuwa tupu.

"Yuko wapi?"

"Amekwenda," Inspekta alisema, akikusanya vijiti. "Peku. Hospitali ni mtaa wa pili, na lami ya saa hizi ni kaango. Nisingependa kumpelekea Sista miguu mingine miwili."

Koplo alinyakua viatu vya kaunta, akatimua mbio.

*

Inspekta alipofika wodini alimkuta Koplo ameegemea mlango, anahema, mikono mitupu. Sista alikuwa pale pale kwenye kigoda, aproni imelowa hadi kiunoni. Kwenye trei kando yake kulikuwa na vijiti kumi na kitu, na rangi yao ilisimulia mchana mzima: buluu, buluu, buluu iliyopauka, kijani, na cha mwisho kijani hafifu, pacha wa maji ya bomba.

"Saa nne za maji," Sista alisema. "Tumemfukuza. Sasa daktari anataka kujua kama tutahitaji kupandikiza ngozi, na kwa hilo nina kipimo cha kale." Aliinua sindano nyembamba. "Ngozi iliyokufa hadi chini haisikii kitu. Mishipa yake ya fahamu imekwenda. Ikisikia, kuna uhai chini, na yenye uhai itaota yenyewe. Wiki tatu, nne, kwa uangalizi. Vidole nimekwisha kupima, vinasikia. Imebaki nyayo, na nyayo ndizo zilizokuwa mbaya."

Shangazi alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa kitanda, viatu vimevaliwa kinyume, mkono wake umo ndani ya mkono wa mtoto. Sista aligusa unyayo wa kushoto kwa ncha ya sindano.

Hakuna kitu.

Akasogea kidogo, kuelekea kisigino. Akagusa tena.

"Aa!" Mtoto alivuta mguu. "Shangazi! Huyu mama ananidunga!"

Sista alifumba macho kwa kitambo kifupi. "Na huku?"

"Aaa! Shangazi, mwambie aache! Na yule mrefu alisema hawadungi! Ni waongo wote, na hili shuka linawasha, na mimi nataka maji, na viatu vyangu viko wapi?"

"Kila anapolia pana uhai?" shangazi aliuliza. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni naye hakuyapangusa.

"Kila anapolia."

"Basi mdunge tena, Sista," alisema shangazi. "Huku. Na huku. Nataka nisikie."

"Shangazi!" mtoto alipiga ukelele wa ghadhabu ya mtu aliyesalitiwa na dunia nzima, na wodi yote, kuanzia mzee wa birika kitandani kwake hadi Koplo pale mlangoni, ikaangua kicheko.